Gavana Dubu na Theluji ya Pamba

Paukwa!

— Pakawa.

Palikuwa na nchi.

— Ikawaje?

Ikapata gavana.

— Pole yao.

Pole zenu ziwekeni kwanza, mtazihitaji mbele. Sogeeni. Mwenye muwa mdomoni autafune taratibu, maana hadithi hii nikiisimulia huwa nakasirika, na nikikasirika sitaki kusikia mtu anatafuna.

Basi palikuwa na nchi kandokando ya Mto Juba, nchi ya mtama na kunde na migunga. Wanyama wake waligombana kama wanyama wa nchi yoyote. Nyani alimwibia kanga mayai, kanga akamtukana nyani, wakaamuliwa, wakala, wakalala. Sisemi ilikuwa pepo. Nasema ilikuwa yao.

Siku moja meli ikalia bandarini, vuuuu, akashuka Dubu.

Dubu si mnyama wa kwetu. Ni mkubwa kama fahali, ana manyoya mazito, ana makucha, na akitembea ardhi inasema dundu, dundu, dundu. Alitoka ng'ambo, kwa Wataliani. Huko kwao alikuwa mlinzi wa ghala la jibini, na ghala lilikuwa linapungua kila alipolilinda. Wakubwa wake hawakumfukuza. Walimvisha kofia wakamwambia aende Afrika.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa forodhani, pale bandarini. Kila mzigo uliopita, Dubu aliuonja. Ikija asali, anaonja. Zikija tende, anaonja. Akionja, kinachobaki ni gunia. Wachuuzi wakaacha kuja, soko likawa kimya kabisa. Dubu akapeleka habari ng'ambo kwamba soko lilikuwa na fujo na yeye amelituliza. Ng'ambo wakafurahi. Wakampa cheo na utepe mwekundu wa kufunga kifuani.

Dubu kapanda!

— Na sisi je?

Tumeshuka.

Kazi yake ya pili ilikuwa huko bara, kwenye visima vya ngiri. Alikuta ngiri wanachota maji kwa zamu, wazee kwanza, wenye kunyonyesha wanafuata. Akawaambia visima sasa ni vya mfalme wa ng'ambo. Ngiri wakamuuliza huyo mfalme alisaidia kuchimba siku gani. Basi kwa swali hilo tu Dubu aliwaleta askari wake, nao walikuwa fisi wa hapahapa kwetu, msidhani walitoka mbali. Walivifukia visima kwa mawe. Mawe yalipokwisha wakavifukia kwa ngiri wenyewe. Dubu akapeleka habari ng'ambo kwamba bara kuna amani. Na kweli palikuwa kimya. Wakampa cheo kingine, na nishani ya shaba.

Dubu kapanda!

— Na sisi je?

Tumeshuka.

Kazi yake ya tatu, wakamfanya gavana wa nchi nzima. Akajengewa jumba jeupe mjini, lenye madirisha ya mbao na roshani ya kuhutubia. Na gavana, ili ajulikane kuwa ni gavana, lazima atoe amri. Amri yake ilikuwa pamba. Pasipandwe mtama, pasipandwe kunde, ipandwe pamba, ivunwe pamba, ichambuliwe pamba. Wake wataibeba makapuni mpaka kiwanja cha mbele ya jumba, kwa kuwa Gavana alipenda kuiona kutoka dirishani. Waume watafanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia, ndani, milango imefungwa, kinu kinasema kwachakwacha, kwachakwacha, na vumbi la pamba limejaa hewani hata mtu hamwoni jirani yake.

Dubu kapanda!

— Na sisi je?

Tumeshuka. Haya, hapa sasa ndipo anapoingia Tima.

Tima alikuwa digidigi. Mnamjua digidigi: yule paa mdogo kuliko wote, miguu vijiti, macho makubwa, akishtuka anapiga mluzi, ziki! na ukigeuka hayupo. Digidigi hawaoi wake wengi. Wanatembea wawili wawili, mume na mke, maisha yao yote, ukimwona mmoja mwenzake yuko nyuma ya kichaka. Mume wa Tima aliitwa Shale. Shale alichukuliwa kinuni.

Kila jioni Tima alisimama nje ya ukuta wa kinu akasikiliza. Mwanzoni alimsikia Shale akiimba pamoja na wenzake. Baadaye akamsikia anakohoa, koho, koho. Baadaye hakusikia wimbo tena, kikohozi tu, na alikijua kikohozi cha mumewe kati ya vikohozi vyote vya mle ndani. Waliokohoa vile walitolewa kwa mlango wa nyuma, wamebebwa.

Tima akaenda kwa Gavana. Alimkuta mezani, anakula. Kulikuwa na sinia la makaroni, na mbuzi mzima, na chungu cha asali, na Dubu alikuwa anamaliza kimoja huku anavuta kingine.

"Bwana Gavana," Tima alisema, "nimekuja kumwombea mume wangu. Kifua chake kimejaa vumbi. Nirudishie nimuuguze, akipona nitamleta mwenyewe."

Dubu alimtazama akitafuna. "Mumeo anafundishwa kazi," akasema. "Kazi ni ustaarabu. Akifa, atakuwa amekufa mstaarabu."

Akarudi kwenye asali yake. Tima akatoka. Hakulia pale. Alilia alipofika kichakani, akalia sana, na mimi simlaumu.

Hapo juu ya mgunga alikuwa ametua Korongo, yule ndege mweupe wa miguu mirefu ambaye nusu ya mwaka hukaa kwetu na nusu hukaa ng'ambo. Akamuuliza kulikoni. Tima akamweleza, mwisho akamuuliza Korongo aliyeishi na dubu huko kwao: mnyama huyu anakula mpaka lini?

Korongo akacheka cheko la huzuni. Akasema huko kwao ukija wakati wa baridi inaanguka theluji, kitu cheupe, laini, kinafunika ardhi na mapaa na miti. Dubu akiiona, anaingia pangoni analala, haamki mpaka joto lirudi. Kwa hiyo kabla ya baridi hula sana, anaweka akiba mwilini. "Huyu wenu," Korongo alisema, "tangu ashuke melini mwili wake unangoja baridi. Baridi haiji. Basi anaendelea kula akiba ya usingizi ambao hataupata."

Tima akatazama kule mjini, kwenye kiwanja cha Gavana, ambako pamba ilikuwa imerundikwa mpaka imepita kimo cha tembo.

"Hiyo theluji," akauliza, "ni nyeupe kama kitu gani?"

Korongo akatazama alikokuwa anatazama Tima. "Kama hiyo," akasema.

Tima akangoja miezi ya kusi, wakati upepo una ubaridi na watu wanajitanda nguo mbili. Kungoja kulimuuma, maana kila jioni alikwenda kusikiliza ukutani, na koho, koho ilikuwa inazidi kuwa ndogo. Huku akingoja alizungumza na wanawake wenzake wabeba makapu, swala na kanga na sungura na nyani, mmoja mmoja, njiani, kapu likiwa kichwani. Kisha akazungumza na Kima. Huyu Kima alikuwa mpishi wa Gavana, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mashine ya barafu, mashine iliyoletwa na meli ili mvinyo wa Gavana usipate joto. Kima alikuwa na kaka yake kinuni. Hakuhitaji kubembelezwa.

Ikanyesha mvua ya manyunyu, pamba kiwanjani ikalowa. Na nyote mliowahi kulima mnajua, pamba ikilowa huanikwa. Isipoanikwa inaoza. Kwa hiyo kesho yake, Gavana alipomaliza kula cha mchana na kujitupa kitandani kwa kile kijiusingizi chake kifupi cha baada ya chakula, wanawake walikuja kiwanjani kwa mamia, wakaanza kuanika.

Askari fisi mmoja akauliza mnafanya nini. Tima akamjibu wanaanika pamba ya Gavana, au anataka ioze aulizwe yeye? Fisi akajikunja akaendelea na mfupa wake.

Wakaianika ardhini, pwa, pwa, pwa, mpaka udongo haukuonekana. Wakaianika juu ya mapaa. Nyani wakapanda wakaianika juu ya migunga, tawi kwa tawi. Kanga wakaruka wakaianika juu ya ukuta na roshani na vizingiti vya madirisha. Wakati huo Kima alikuwa ndani, anasukuma mapande ya barafu chini ya kitanda cha Gavana.

Dubu akaamka. Pua yake ilikuwa baridi. Mgongo wake ulikuwa baridi. Akaenda dirishani, dundu, dundu, akafungua mbao, akaona dunia yote nyeupe, nyeupe ya ardhi, nyeupe ya paa, nyeupe ya mti, na upepo wa kusi ukampiga usoni.

Kichwa chake hakikupata hata muda wa kufikiri. Mwili ulikuwa umeshaelewa. Akapiga mwayo, aaaaah, mwayo wa miaka yote aliyokaa Afrika.

"Imeanguka lini?" akamuuliza Kima.

"Ulipokuwa umelala, bwana."

"Funga madirisha," Dubu akasema, na macho yalikuwa yanafumba. Akawaita askari wake mlangoni, akawapa amri ya mwisho. "Mtu asiniamshe. Atakayeniamsha nitamchuna ngozi."

Akaanguka kitandani, gubu! Na mara tukasikia, khorrrr. Khorrrr.

Wanawake wakaichukua pamba yote wakalifunika jumba, madirishani, mlangoni, paani, lisiingie jua wala sauti. Tima akatoka mbio, tiki tiki tiki, mpaka kinuni. Akausukuma mlango.

Fisi wa zamu akasimama. Nani amekupa ruhusa ya kufungua?

"Kamwulize Gavana," Tima akasema.

Fisi akakaa.

Waume wakatoka, weupe wa vumbi tangu kichwa hadi kwato, wanapepesa macho kwa mwanga. Fisi wa njiani akasimama. Nani amewapa ruhusa ya kwenda nyumbani?

"Kamwulize Gavana."

Fisi akakaa.

Watu wakang'oa pamba mashambani wakapanda mtama. Fisi wa mashambani akasimama. Nani amebadilisha amri?

Mnajua jibu.

— Kamwulize Gavana!

Na fisi akakaa. Nchi nzima ya fisi, wote wana mjeledi, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kwenda kuuliza, kwa sababu amri ni amri, na amri ilikuwa asiamshwe. Wakamlinda vizuri sana. Akipita panya karibu na jumba anapiga kelele, wanamfukuza.

Shale alitoka wa mwisho. Hakuweza kutembea sawasawa, alijiegemeza kwa Tima, na walipofika kichakani kwao alilala siku nyingi. Tima alimpa maziwa ya kuazima, akamchemshia majani. Kikohozi kikapungua. Mtama ukatoa masuke. Siku moja Shale akapiga mluzi, ziki, mdogo, wa majaribio, na Tima akaacha alichokuwa anafanya akasimama tu, anasikiliza. Waliishi hivyo msimu mzima. Ngiri waliobaki wakazibua visima vyao, wakazika walichokikuta humo. Wachuuzi wakarudi bandarini. Nyani akaiba mayai, kanga akatukana, wakaamuliwa. Kima kila asubuhi akasukuma barafu mpya chini ya kitanda, na jumba likasema khorrrr.

Natamani hadithi ingeishia hapa. Mnaotaka kwenda kulala nendeni sasa, mtaota vizuri.

— Hatuendi.

Shauri yenu.

Vuuuu. Meli.

Wakashuka wakaguzi kutoka ng'ambo, mabata mzinga, vifua mbele, tai shingoni, gobogobo, gobogobo. Walikuja kuitazama nchi inaendeleaje. Wakazunguka. Hawakusikia risasi. Hawakuona moshi wa kijiji kinachoungua. Soko limejaa, visima vina maji, askari wamekaa kivulini mikono mapajani. Wakaambiana gobogobo, hawajapata kuona nchi imetulia namna hii. Kisha wakafika kiwanjani, wakaona mlima wa pamba mkubwa kama jumba. Kwa kweli ulikuwa jumba.

Wakamwuliza fisi yuko wapi Gavana. Fisi akapiga saluti akasema amelala, na ana amri ya kutoamshwa.

Tima alikuwa karibu, na alidhani sasa wamemfumania Dubu, sasa watamfukuza. Moyo ulimdunda kwa furaha. Lakini bata mzinga mkubwa aliwageukia wenzake machozi yakimlengalenga.

"Tazameni," alisema. "Wengine hawalali kwa hofu ya wenyeji. Huyu ameistaarabisha nchi mpaka anaweza kulala."

Wakaamuru pamba yote ipakiwe melini. Wakaiondoa paani, wakaiondoa madirishani, jua likaingia, Dubu akafumbua jicho moja. Alikuwa amekonda, anaona njaa. Kabla hajauliza chakula kiko wapi walishamning'iniza shingoni nishani kubwa kuliko zote, ya dhahabu, ya Utulivu na Kazi. Wakamwambia amepata cheo, atakwenda kutawala nchi kubwa zaidi, mbele huko, yenye asali nyingi. Dubu hakuelewa kitu. Alisimama kwenye roshani akahutubia, akasema haikuwa rahisi.

Dubu kapanda!

— Na sisi je?

Ngojeni.

Mabata mzinga hawakuondoka hivihivi. Walifanya hesabu yao pale gatini, na Tima aliwasikia kwa masikio yake. Walisema: ikiwa wanyama hawa wameleta mlima wa pamba bila kupigwa, wakipigwa wataleta milima mingapi? Wakamleta gavana mwingine. Huyu hakuwa dubu. Alikuwa mbwamwitu wa ng'ambo, mwembamba, mkavu, anakula kidogo, na hasinzii hata baada ya chakula. Siku aliyofika mtama uling'olewa. Siku iliyofuata kinu kilianza, kwachakwacha, na walioitwa kwanza ni wale waliokijua kinu. Shale alikuwa anakijua.

Fisi walimkuta kichakani. Tima alisimama mbele yao, na mnajua ukubwa wa digidigi. Akamwambia fisi aliyemjua kwa jina, ambaye msimu mzima yeye Tima alimpa uji wa mtama, "Nani amekupa ruhusa?"

"Nimeshamwuliza Gavana," fisi akasema. "Yuko macho."

Tima alimtafuta Korongo kila mgunga. Alipompata akamuuliza, huyu naye ni nini kinachomlaza? Korongo aliinua mguu mmoja, akaushusha. Akasema hakijui. Akasema huko kwao pia wangependa kukijua.

Shale alitolewa kwa mlango wa nyuma kabla ya mvua. Tima alikuwa pale nje, ukutani, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kujua: jioni hiyo alisikia vikohozi vyote isipokuwa kimoja. Alimzika mwenyewe kwa kwato zake. Mkimwona digidigi anatembea peke yake msimtupie jiwe.

Na Dubu? Alizeeka vizuri. Alirudi kwao, akapewa nyumba yenye bustani, na barabara ikaitwa kwa jina lake, ina miti pande zote mbili. Wajukuu wake wakimuuliza Afrika ilikuwaje, anagusa nishani na kusema kulikuwa na msimu mmoja ambapo watu walishiba na hakuna aliyelia. Anasema ulikuwa utawala wake huo. Wala hasemi uongo. Sisi tulikuwepo, tulishiba, hakuna aliyelia, na yeye ndiye aliyekuwa gavana.

Hadithi yangu naitua hapa chini kama mzigo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mrudishieni aliyeileta kwa meli.

Na funzo lake, maana najua kesho mwalimu atawauliza: wanangu, fanyeni kazi kwa bidii, muamke mapema, msipende usingizi. Mvivu hapewi nishani.